Rudufu, kioo na chelezo: lugha ya safu za diski

Kitenzi rudufu kilikuwa kimezoeleka shuleni kabla kompyuta hazijafika. Walimu wa Tanzania walirudufu mitihani kwa mashine ya stensili, na hata leo karatasi zilizotoka kwenye fotokopi husemwa kuwa zimerudufiwa. Maana iko wazi: kitu kimoja kimefanywa kuwa viwili au zaidi. Wanaisimu nao wana urudufishaji, ambao hauachi maana mahali ilipokuwa, kwa kuwa polepole si pole mbili. Kompyuta zilipoenea, neno hili lilipewa kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni katika nakala rudufu, yaani nakala ya faili inayowekwa kando ili itumike pale faili ya asili itakapopotea. Ya pili ni kueleza mpango wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa zilizobaki ziendelee na kazi, mpango unaojulikana kila mahali kwa herufi RAID. Mambo haya mawili yanafanana kwa jina tu. Mfasiri anayeyaandika yote kwa neno moja humwachia msomaji wake tegemeo ambalo halina kitu ndani, na kasoro hiyo haionekani hadi siku faili zinapotafutwa na kukosekana.

Chukua mfano wa steshenari ya Nyahanga, kata mojawapo ya Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga. Mji huu umezungukwa na mpunga na dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu uko katika wilaya ya Kahama, na Buzwagi, uliofunga uzalishaji mwaka 2021, ulikuwa kando ya mji wenyewe. Kwa hiyo steshenari ya kawaida hapa haichapi tu barua na picha za pasipoti. Huandaa maombi ya leseni ndogo za uchimbaji, mikataba ya wenye maduara na wenye mashamba, hesabu za mashine za kukoboa mpunga, ripoti za wanafunzi wa vyuo na picha za harusi ambazo wenyewe hawana nakala nyingine. Yote hukaa ndani ya kompyuta moja, na mara nyingi ndani ya diski moja. Mwenye duka akishauriwa kufunga diski mbili "zenye urudufu", atalala usingizi mzuri. Kama usingizi huo una sababu au hauna, jibu linategemea alivyoelezwa maana ya neno.

Asili ya herufi zenyewe yafaa ijulikane. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala yaliyopendekeza kwamba diski ndogo za bei nafuu zikipangwa pamoja zingeweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ghali. Tatizo lilikuwa dhahiri kwao: diski zikiwa nyingi, uwezekano wa angalau moja kufa huongezeka. Ndipo wakapendekeza ziada, yaani nafasi inayotumika kwa ajili ya kustahimili kifo hicho. Herufi I ya RAID hapo mwanzo ilisimamia unafuu wa bei. Baadaye watengenezaji, ambao hawakuwa na hamu ya kuita bidhaa zao rahisi, waliigeuza isimamie kujitegemea kwa kila diski. Herufi R ndiyo inayowasumbua wafasiri. Katika Kiingereza cha kila siku neno lake hutaja kitu kisichohitajika tena, hata mfanyakazi aliyepunguzwa kazini. Katika uhandisi hutaja kitu cha ziada kinachosubiri zamu yake. Kiswahili kina neno la maana hii ya pili, nalo limo katika tairi la akiba. Mwenye gari hadhani kwamba tairi la akiba limehifadhi mizigo yake.

Kwa upande wa sarufi hakuna ugumu. Watumiaji wengi hutamka redi na kuiweka katika ngeli ya i-/zi-: RAID hii imekamilika, RAID hizi zimejaa. Tahadhari moja ni kutoandika radi, ambayo katika Kanda ya Ziwa ni adui halisi wa kompyuta, na itarejewa hapa chini. Safu ni tafsiri nzuri ya kundi zima la diski, kwa kuwa hudokeza vitu vilivyopangwa vikafanya kazi kama kitu kimoja. Mfumo endeshi huiona safu kama diski moja, na mtumiaji hahitaji kujua faili yake imeangukia diski ipi.

Safu hizi hutofautishwa kwa namba. RAID 0 hugawa data vipande vipande katika diski zote ili kuongeza kasi, wala haina ziada yoyote. Diski moja ikifa, yote yamekwenda. Sifuri yake ni ya haki.

RAID 1 ni safu ya kioo. Kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa pia katika ya pili, na diski mbili za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 4 tu. Istilahi ya kioo, pamoja na kitenzi kuakisi, ni miongoni mwa tafsiri chache za eneo hili zinazoeleza kazi na mpaka wake kwa pamoja. Kioo huonyesha uso ulivyo sasa. Mtu akijipaka masizi, hakimwonyeshi uso wake wa jana. Vivyo hivyo, faili ikifutwa kwa bahati mbaya katika safu ya kioo, hufutwa katika diski zote mbili papo hapo, na virusi vikifunga mafaili kwa kudai fidia, hufunga pande zote mbili kwa uaminifu uleule.

RAID 5 huhitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu wengi huamini kwamba nayo huweka nakala, ilhali haifanyi hivyo. Huhitaji diski tatu au zaidi, na nafasi inayolingana na diski moja hutumika kuweka pariti. Mfanyabiashara wa mpunga akijua kwamba jumla ya magunia ni 12 na ya mteja mmoja ni 7, hana haja ya daftari la mteja wa pili. Ataandika 5 bila kuuliza. Pariti ni jumla ya namna hiyo, isipokuwa hufanywa kwa biti. Biti mbili zikitofautiana, pariti ni 1. Zikilingana, pariti ni 0. Diski ya kwanza ikiwa na 1 na ya pili 0, ya tatu huandikiwa 1. Ya pili ikifa, kompyuta hutazama 1 ya kwanza na 1 ya pariti, huziona zinalingana, na hutambua kwamba iliyopotea ilikuwa 0. Katika utekelezaji, pariti haikai kwenye diski moja maalumu. Huzungushwa katika diski zote ili kazi isiielemee mojawapo. Diski tatu za terabaiti 4 hutoa terabaiti 8, na safu huvumilia kifo cha diski moja. RAID 6 huweka hesabu mbili tofauti, huhitaji angalau diski nne na huvumilia vifo viwili. RAID 10 huunganisha vioo kadhaa na kugawa data kati yake.

Kwa steshenari, kioo kinatosha. Pariti ni nzuri palipo na diski nyingi na mtu wa kuziangalia.

Safu inaweza kuendeshwa na kadi maalumu ya kielektroniki au na mfumo endeshi wenyewe. Hii ya pili ndiyo safu ya programu, na ndiyo inayoufaa mji ulio mbali na wauzaji wa vipuri. Kadi maalumu ikiungua, mara nyingi hutakiwa nyingine ya aina hiyohiyo ili diski zisomeke. Safu ya programu ya Linux husomeka katika kompyuta nyingine yoyote yenye Linux, kwa kuwa maelezo ya safu yameandikwa ndani ya diski zenyewe. Chombo cha kuisimamia ni mdadm, programu ambayo Neil Brown wa Australia alianza kuiandika mwaka 2001. Jina lake halitafsiriwi, kama majina mengine ya amri yasivyotafsiriwa. Hata mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 na kutunga istilahi nyingi za kompyuta, ulilenga maneno anayoyaona mtumiaji kwenye menyu.

Kazi huanza kabla ya amri yoyote. Diski mbili za toleo moja, zilizotengenezwa pamoja na kuanza kazi siku moja, huweza kuchoka kwa wakati unaokaribiana, kwa hiyo ni busara kununua za kampuni mbili au walau katika maduka mawili. Za mtumba zisikataliwe moja kwa moja, lakini ziulizwe umri: amri ya smartctl -a huonyesha saa ambazo diski imefanya kazi na idadi ya sehemu zilizokwisha kuharibika. Kisha kila diski ibandikwe karatasi yenye namba yake ya utambulisho, ionekane bila kufungua skrubu. Sababu ya karatasi hiyo itaeleweka siku ya msiba.

Diski zikishagawanywa, safu ya kioo huundwa kwa mstari mmoja:

mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb1 /dev/sdc1

Maana yake ni kwamba iundwe safu iitwayo md0, ya aina ya 1, yenye diski mbili zilizotajwa. Amri hii haina huruma. Jina la diski likikosewa, kilichokuwamo huandikwa juu yake. Amri ya lsblk huorodhesha diski zilizopo na ukubwa wake, na isomwe mara mbili kabla. Baada ya kuundwa, safu huwekewa mfumo wa mafaili kwa mkfs.ext4 /dev/md0. Hatua inayosahauliwa zaidi ni ya mwisho: maelezo ya safu huchukuliwa kwa mdadm --detail --scan na kuandikwa katika faili la /etc/mdadm/mdadm.conf, kisha, kwa watumiaji wa Debian na Ubuntu, hufuatia update-initramfs -u. Hatua hii ikirukwa, kompyuta ikiwashwa tena safu huweza kuibuka na jina jingine, kwa kawaida md127, na mwenye duka akadhani imepotea.

Hali ya safu husomwa katika faili la /proc/mdstat. Herufi mbili zilizo katika mabano ya mraba, [UU], huonyesha kwamba diski zote mbili zipo kazini. Ikionekana [U_], moja imetoka. Hapa wafasiri huteleza tena. Neno la Kiingereza la hali hiyo hutafsiriwa na baadhi yao kuwa safu iliyoshushwa hadhi au hata iliyodhalilishwa, kana kwamba diski zina cheo. Safu pungufu ni tafsiri sahihi zaidi: inafanya kazi, lakini imepungukiwa. Kadhalika, diski iliyo ndani ya safu ikingoja kuchukua nafasi ya nyingine bila kuguswa na fundi si diski ya moto. Ni diski ya akiba iliyo tayari. Na ule usomaji wa diski nzima unaofanywa mara kwa mara kutafuta makosa haufai kuitwa kusugua. Ukaguzi unatosha.

Ukaguzi huo si jambo la hiari. Diski huweza kuwa na sehemu mbovu ambayo haijaguswa kwa miezi, na ubovu wake hujulikana tu pale diski nyingine inapokufa na hiyo kuhitajika yote. Debian hupanga ukaguzi wa safu mara moja kwa mwezi, Jumapili ya kwanza, usiku wa manane. Mpango huo hudhani kwamba kompyuta huwa imewashwa saa hizo. Duka linalozima mashine saa mbili usiku halitakaguliwa kamwe, na hakuna onyo litakaloonekana. Njia ni kuuhamishia ukaguzi mchana wa siku yenye wateja wachache, au kuuanzisha kwa mkono kwa kuandika neno check katika faili la /sys/block/md0/md/sync_action. Pia mdadm ijulishwe anwani ya barua pepe, katika mstari wa MAILADDR, na kompyuta iwe na njia ya kutuma barua hizo. Safu pungufu hukaa kimya. Wateja huhudumiwa kama kawaida kwa miezi, hadi diski ya pili inapofuata ya kwanza.

Umeme una sura yake. Ukikatika wakati safu inaandika, diski moja ya kioo huweza kuwa imepokea maandishi mapya na nyingine bado. Umeme ukirudi, Linux huzisawazisha, na ikiwa safu imewekewa ramani ya biti, hushughulikia maeneo yaliyokuwa yakiandikwa tu badala ya diski nzima. Kwa RAID 5 hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu data na pariti yake huweza kutofautiana bila mtu kujua ipi ni sahihi, na diski ikifa katika hali hiyo, hesabu hutoa jibu lisilo la kweli. Kwa hiyo UPS yenye betri nzima, hata iwe ya dakika kumi, ina thamani kubwa kuliko diski ya tatu. Radi ni habari nyingine: ikiingia kwa waya wa umeme, hupita katika kifaa kimoja cha umeme kinacholisha diski zote za kompyuta hiyo. Mwizi naye habebi diski moja akaacha nyingine.

Diski ikifa, utaratibu ni mfupi. Diski mbovu hutangaziwa ubovu na kuondolewa:

mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdc1 --remove /dev/sdc1

Kompyuta huzimwa, diski hutolewa, mpya hugawanywa sawa na iliyobaki, kisha huongezwa kwa mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc1. Kabla ya kuiongeza, lsblk isomwe tena, kwa kuwa majina ya diski huweza kubadilika kompyuta inapowashwa. Hapa ndipo karatasi ya namba inapolipa gharama yake, kwani kosa baya la siku hiyo ni kuchomoa diski nzima na kuiacha mbovu. Baada ya hapo diski mpya hujazwa upya. Diski ya terabaiti 4 inayoandika kwa wastani wa megabaiti 150 kwa sekunde hujazwa kwa muda wa saa saba na dakika ishirini na kitu, na muda wote huo diski iliyobaki husomwa bila kupumzika, ikiwa peke yake. Ni busara kazi hiyo ianze baada ya faili muhimu kunakiliwa mahali pengine.

Diski iliyotolewa nayo isitupwe ovyo. Katika safu ya kioo kila diski peke yake ina mafaili yote, na fundi aliyepewa "chuma kibovu" huweza kuyasoma kama bado inazunguka. Steshenari iliyotunza vitambulisho na mikataba ya wateja inabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na diski hiyo ni sehemu ya taarifa hizo.

Wachimbaji wadogo wa ukanda wa Geita hutegemeza maduara yao kwa magogo wayaitayo matimba. Gogo moja likivunjika, mengine hubeba mwamba hadi lipatikane jingine, na kazi huendelea. Huo ndio urudufu wa safu. Matimba hayarudishi mawe yaliyoibwa usiku, na hakuna mchimbaji anayeyatarajia yafanye hivyo.

Kwa nakala inayowekwa kando, baadhi ya wafasiri hutumia chelezo badala ya nakala rudufu. Wapo wanaolipinga neno hili kwa kuwa ni la mabaharia. Upinzani huo ndio sifa yake. Wakazi wa Kanda ya Ziwa wamelisikia sana katika habari za Bandari ya Mwanza Kusini, ambako kilijengwa chelezo kwa ajili ya kuunda meli ya MV Mwanza. Meli iliyo juu ya chelezo haiko ndani ya maji. Dhoruba ya ziwani haiifikii. Neno hili lina faida ya kutoa mpaka ambao rudufu imeufuta: kilichomo ndani ya kompyuta ileile, kikibadilika kila faili inapobadilika, si chelezo, hata diski ziwe kumi. Lina ngeli ya ki-/vi-, chelezo hiki na vyelezo hivi, na kitenzi chake ni cheleza.

Kwa duka la Nyahanga, chelezo chaweza kuwa diski ya nje inayounganishwa jioni, ikanakiliwa mafaili ya siku, ikachomolewa na kwenda nyumbani kwa mwenye duka, pamoja na nakala ya tatu ya yaliyo muhimu zaidi inayopelekwa kwa intaneti. Diski ya nje iliyoachwa imechomekwa usiku na mchana imekwisha rudi majini. Na kila baada ya muda, faili mojawapo ifunguliwe kutoka katika chelezo hicho kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama inasomeka.

Katika maandishi, basi, mfasiri atenganishe vitenzi pia. Diski mpya iliyoongezwa kwenye safu hujazwa upya: "Safu ilikuwa pungufu tangu Jumatatu, diski mpya imejazwa upya leo asubuhi." Faili iliyopotea hurejeshwa: "Mkataba uliofutwa umerejeshwa kutoka katika chelezo cha juzi." Sentensi ya tatu, ile isemayo kwamba mkataba uliofutwa umerejeshwa kutoka katika kioo, ni sahihi kisarufi, na mhariri akiikuta katika mwongozo wowote wa kompyuta ana haki ya kuirudisha kwa mwandishi.